Gari ndogo ya juu kwa ajili ya mzigo: maoni ya nani uyaamini?

Somo la leo ni refu kidogo, weka simu chaji halafu usome taratibu. Mimi limenigharimu shilingi 3,250,000 kulijua, wewe unalipata bure.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Dada, nataka gari ndogo ya juu, bei ya kawaida, nipelekee wateja mzigo. Nichukue Rush, Cami, RAV4, Escudo au X-Trail?" Watu wanadhani nitataja jina moja tumalize. Lakini kabla hujauliza gari gani, angalia kwanza unamuuliza nani. Maoni ya gari yako mengi mno mjini, na karibu yote ni ya kweli. Shida ni kwamba kila mtu anaongea ukweli wa kazi yake, sio wa kazi yako.

NILIVYOUMIA

Mimi nauza mapazia, mashuka, duveti na mazulia. Nina nusu ya fremu mtaa wa Narung'ombe, hapa Kariakoo, nachangia na dada mmoja wa vipodozi. Wateja wangu zaidi ya nusu wananipata WhatsApp na Instagram. Niliishia form four, hesabu zangu zote nimejifunzia hapo hapo kwenye fremu.

Sasa fikiria. Nani ananunua mapazia na zulia? Mara nyingi ni mtu aliyehamia nyumba mpya. Na nyumba mpya Dar ziko wapi? Goba, Madale, Kivule, Chanika, Chamazi, Kibada. Lami inaishia njiani, mbele ni makorongo na tope. Zulia la futi nane bodaboda anabeba kwa kubahatisha, mvua ikipiga linafika limelowa, na mteja wa zulia lililolowa harudi tena. Bajaji kwenda Goba ndani ndani alikuwa ananichaji 25,000. Kwa hiyo wazo la gari ya juu halikuwa la kijinga, kazi ilikuwepo. Ujinga ulikuwa kwenye namna nilivyoichagua.

Nilikuwa na milioni 8.4, hela ya biashara yote hiyo. Mama akanikopea milioni 3 kwenye kikoba chao, kwa jina lake. Jumla milioni 11.4. Jirani yetu mmoja Tabata, mzee wa heshima, alikuwa na gari ya aina niliyoitamani. Nikamfuata.

"Shikamoo mzee. Hii gari yako vipi, haisumbui?"

"Marahaba binti. Mwaka wa nne huu, nabadilisha oili tu. Chukua, hutajuta."

Yule mzee hakunidanganya hata neno moja. Nikatafuta ya aina hiyo hiyo kwa dalali, nikainunua milioni 10.8 mwezi wa kumi na moja. Aina ya gari siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mzee alikuwa anakwenda Tabata hadi mjini na kurudi, lami tupu, peke yake na begi. Mimi nilipakia mazulia hadi dirishani, nikaweka na msaidizi, nikapandisha vilima vya Goba mchana wa jua kali. Mshale wa joto ukapanda. Mteja alikuwa anapiga simu kila dakika tano, nikasema nifike kwanza. Nilifika, lakini gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeshaungua.

Matengenezo yalikula 1,350,000. Na mimi baada ya kununua nilibaki na 600,000 tu, kwa hiyo iliyobaki niliitoa kwenye mauzo. Desemba, mwezi ambao watu wote wanabadilisha mapazia kwa ajili ya sikukuu, fremu yangu ilikuwa na nafasi kubwa kuliko mzigo. Wateja wanauliza rangi, mimi nawajibu "imeisha dear". Haikuisha, sikuwa na hela ya kuleta.

Februari niliiuza ile gari kwa milioni 8.9. Piga hesabu mwenyewe: 10.8 jumlisha 1.35 toa 8.9, unapata milioni 3.25 iliyopotea. Nikarudisha milioni 3 ya kikoba siku hiyo hiyo kabla haijanizoea mkononi. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Uliwauliza watu wangapi?" Nikamjibu mmoja. Akanyamaza, na kile kimya kiliniuma kuliko kugombezwa.

WATU WANNE WENYE MAONI, NA KILA MMOJA ANAONA WAPI

Baada ya pale nikafungua daftari. Kila mwenye gari ndogo ya juu niliyekutana naye nilimuuliza: wateja, majirani, madereva wanaosubiri mabosi wao pale Msimbazi, mafundi wa Gerezani na Ilala. Nikagundua kuna watu wa aina nne.

1. Mwenye gari anayeendesha mwenyewe. Huyu anajua gharama, kwa sababu zinamtoka mfukoni. Lakini gari ameichagua yeye, kwa hiyo anaitetea kama mtoto wake. Ukimuuliza "ni nzuri?" atasema nzuri. Usimuulize hivyo. Muulize: "Mara ya mwisho ulilipa nini gereji, na lini?" Hapo ndipo ukweli unapoanza kutoka.

2. Dereva wa gari ya mtu. Huyu halipi spea wala mafuta, lakini anakaa humo saa kumi kwa siku. Anajua siti inauma mgongo wapi, breki zinachelewa lini, gari inayumba vipi ikipishana na basi. Na kwa kuwa gari si yake, haoni aibu kuisema vibaya. Dereva mmoja aliniambia, "Dada, bosi anaisifia kwa sababu anaiendesha Jumapili tu." Ila kwenye mafuta kuwa makini, wengine wana sababu zao za kusema inakunywa sana!

3. Fundi. Huyu anaona magari yakiwa wagonjwa tu. Ukimsikiliza peke yake hutanunua gari maishani. Swali zuri kwake ni: "Ikiharibika hii, spea naipata leo hii hapa Gerezani au naagiza?" Jibu lake hapo ni dhahabu.

4. Dalali. Anajua bei ya soko kuliko wote, maana anauza kila siku. Muulize bei, muulize gari gani inatoka haraka ukitaka kuiuza. Ubora usimuulize. Sisi tunaofanya kazi na mawinga tunaelewa, kamisheni ndiyo inayoongea.

Kuna na wa tano, mtu wa kwenye video. Wengi tunaangalia video za Kenya, lugha tunaielewa na wanaeleza vizuri. Lakini kumbuka Kenya hawaruhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Sisi huku hatuna ukomo huo kwa gari ndogo, tunalipia uchakavu tu. Kwa hiyo gari anayoisifia yule inaweza kuwa mpya mara mbili ya utakayoipata wewe kwa hela yako.

NILICHOSIKIA, GARI MOJA MOJA

Haya ni maoni niliyoyakusanya pamoja na mambo ya kiwandani ambayo hayabadiliki. Bei siandiki, zinapanda na kushuka, na namba inabadilisha kila kitu. Namba C na namba D ya gari ile ile ni hela mbili tofauti.

Terios Kid. Injini cc 660 yenye turbo, siti nne. Wenye nayo wanapenda ukubwa wake, unapita popote Kariakoo na maegesho hupati shida. Kwa vipodozi, simu, nguo za mikononi, inatosha kabisa. Kwa zulia sahau. Na mafundi wananiambia turbo haitaki uvivu, oili ikichelewa kubadilishwa unaumia.

Toyota Cami. Hii ni Daihatsu Terios yenye nembo ya Toyota, injini cc 1,300. Nyembamba na ndefu kwenda juu. Wenye nayo: "inapita kila mahali." Madereva: "ukiwa barabara kuu na upepo, shika usukani vizuri." Wote wawili wako sahihi, ni umbo lile lile linaloleta sifa na lawama. Za 4WD zinavuta tairi zote nne muda wote, kwa hiyo usitegemee mafuta ya Vitz kwa kuwa injini ni ndogo.

Toyota Rush. Zilianza kuuzwa Japani mwaka 2006, pacha wake ni Daihatsu Be-go. Injini cc 1,500. Ziko za 4WD na za kawaida, na hizo za kawaida zinavuta kwa tairi za nyuma, sio za mbele kama IST. Dereva mmoja anayekwenda Kivule kila siku alinieleza vizuri: tope likiwepo na gari iko tupu, nyuma inacheza, lakini ukiwa na mzigo nyuma inatulia. Wanaolalamika wanalalamika kwamba inanesa sana na sauti ya injini inaingia ndani ukiwa mwendo mkubwa. Wanaosifia wanasifia kukaa juu, kona fupi na spea.

RAV4 za zamani, hizi ambazo mjini wanaziita Kili Time. Kizazi cha pili kilianza mwaka 2000. Kwa zilizotoka Japani kuna za cc 1,800 na za cc 2,000. Hapa mafundi wengi waliniambia jambo moja: za cc 2,000 nyingi zina mfumo wa D-4, ambao petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo unataka mafuta masafi na fundi anayeuelewa. Watu wawili wanaweza kubishana kutwa, mmoja "RAV4 haisumbui", mwingine "RAV4 imenifilisi", kumbe kila mmoja ana injini yake. Ukipewa maoni ya RAV4, uliza kwanza cc ngapi.

Suzuki Escudo. Nje ya Japani inaitwa Grand Vitara. Watu wa shamba na barabara mbovu wanaipenda, wanasema ni ngumu. Watu wa foleni ya mjini wanalalamika mafuta. Kuna za 1.6, 2.0 na hata 2.5 yenye silinda sita, kwa hiyo hapa pia swali ni lile lile: cc ngapi?

Nissan X-Trail. Ya kwanza ilianza mwaka 2000, injini inayopatikana zaidi ni ya cc 2,000. Kwa nafasi ya mzigo, hii ndiyo iliyosifiwa kuliko zote na wauzaji niliowauliza. Sakafu ya buti unaifuta kwa maji, hata ukibeba samaki. Zile za kizazi cha pili zenye gia za otomatiki nyingi zina gia boksi ya CVT. Fundi wangu anasema gia boksi hii inakufa kwa sababu watu wanaweka oili yoyote. Ina oili yake, na ukiweka nyingine ni suala la muda tu.

Na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia hadi nilipokiona mwenyewe. RAV4 hizo za zamani, Rush, Cami na Escudo, mlango wa nyuma unafunguka pembeni kama mlango wa nyumba. X-Trail unafunguka kwenda juu. Simama mtaa wa Kongo saa nne asubuhi, gari nyuma yako imebaki nusu mita, mkokoteni unapiga kelele, halafu ujaribu kufungua mlango wa pembeni utoe zulia. Mwenye gari wa Tabata hawezi kujua hilo. Wewe wa Kariakoo lazima ulijue.

KODI KAMA UNAAGIZA

Wengi tunaangalia bei ya Japani tunafurahi. Subiri kwanza. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25. Kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: mpaka cc 1,000 hakuna, kuanzia hapo hadi cc 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya 2,000 ni asilimia 10. Kuna VAT asilimia 18. Na gari iliyozidi miaka 10 inapigwa uchakavu wa asilimia 30 juu yake. Zipo na tozo nyingine ndogo ndogo. Hizi zinaweza kuguswa kila bajeti mpya, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA, weka aina, mwaka na cc, upate namba ya siku hiyo. Ni bure. Usimwachie mtu akukadirie kichwani.

HESABU ILIYONIFUNGUA MACHO

Baada ya kuuza ile gari sikununua nyingine. Nilianza kukodi Rush ya mtu, pamoja na dereva wake, 70,000 kwa siku, mafuta juu yangu. Oda kubwa nikazipanga kwa upande. Jumanne Mbagala, Chamazi hadi Kibada. Ijumaa Goba, Madale hadi Bunju. Mteja namwambia mapema, "Upande wako ni Ijumaa." Wachache wanagoma, wengi wanaelewa.

Mafuta nilipima hivi, na wewe pima hivi hivi. Jaza tenki mpaka juu. Sogeza kilomita za tripu kwenye sifuri. Fanya kazi zako za kawaida, na mzigo wako, na foleni yako. Kisha jaza tena mpaka juu kituo kile kile. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Mimi nilipata kilomita 286 kwa lita 30, sawa na 9.5 kwa lita. Mwenye gari alikuwa ameniambia 13. Hakudanganya, yeye hapandi Madale na mazulia.

Tuseme petroli ni 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi (bei halisi EWURA wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi). Mzunguko wa Ijumaa ni kama kilomita 92, mafuta 29,000. Jumlisha 70,000 ya gari, ni 99,000. Oda 13 kwa wastani wa 9,000 ya usafiri ni 117,000. Inabaki 18,000 ya maji, chakula cha dereva na maegesho. Sio faida ya kutajirika, lakini mzigo unafika mkavu na mtaji wangu haujaguswa.

Sasa linganisha kukodi na kununua, kwa siku 8 za kazi kwa mwezi. Mafuta ni yale yale, tuyaache.

Kukodi: siku 8 mara 70,000 = 560,000.

Kuwa na gari ya milioni 15: sevisi tenga 40,000, tairi 30,000, bima ndogo 10,000, spea na fundi 100,000, kushuka bei 83,000 (kama baada ya miaka mitatu utaiuza milioni 12), dereva 15,000 kwa siku ni 120,000. Jumla 383,000.

Kwa hiyo kununua kunaniokolea 177,000 kwa mwezi. Inaonekana nzuri, si ndiyo? Lakini milioni 15 hiyo hiyo ikiwa mashuka na mapazia, hata faida ikiwa ndogo ya asilimia 5 tu kwa mwezi, ni 750,000. Yaani ningenunua gari ili niokoe laki na sabini na saba, huku napoteza laki saba na nusu. Hicho ndicho kilichonipata ile Desemba, ila wakati ule sikuwa na daftari la kuniambia.

Nikapiga tena kwa siku 20. Kukodi inakuwa 1,400,000. Kuwa na gari, nikikuza sevisi, tairi na spea na kumlipa dereva 300,000, inafika kama 733,000. Hapo kununua kunaniokolea 667,000, na maneno yanaanza kubadilika. Kwa hiyo mimi mstari wangu ni siku 20. Wako unaweza kuwa 10 au 25, inategemea mtaji wako unazunguka haraka kiasi gani. Piga ya kwako, usichukue ya kwangu.

SIKU YA KUNUNUA IKIFIKA

Haya nimeyaandika ukurasa wa mwisho wa daftari, yanakili:

- Nenda na mzigo wako. Mimi nitakwenda na zulia la futi nane. Muuzaji akicheka acha acheke, lakini liingie na mlango ufunge.
- Fika asubuhi, ukute injini ya baridi. Ukikuta imeshawashwa na kupashwa, omba kurudi kesho.
- Chomoa kijiti cha oili, na fungua kifuniko cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Aga kwa heshima, ondoka.
- Panda nayo kilima, AC imewashwa, watu wamejaa. Macho kwenye mshale wa joto.
- Soma tairi. Zina namba nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi zinaweza kung'aa na zimezeeka.
- Fundi awe wako, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni fundi wa dalali.
- Namba ya chasisi ilingane na kadi, jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Angalia deni la trafiki mtandaoni kwa namba ya gari. Hela usitoe, hata ya "kushikilia", kabla ya haya.
- Baki na hela ya mzigo wa miezi miwili NJE ya hela ya gari, na nyingine ya gereji ya kwanza. Kama hazipo, bado hujafikia kununua.

NIKO WAPI SASA

Mwezi uliopita nimekodi siku 12. Hela ya gari iko akaunti yake peke yake, haichanganyiki na ya mzigo, na imefika milioni 9. Nikifika siku 20 kwa miezi mitatu mfululizo nitanunua Rush ya cc 1,500, ya kawaida isiyo na 4WD, kwa sababu mimi nyuma nina mzigo siku zote. Inawezekana wewe jibu lako ni X-Trail, au Terios Kid, au ni bodaboda mwaminifu na nailoni nzuri ya kufunikia. Yote ni majibu.

Mama safari hii hajaniuliza nimewauliza watu wangapi. Aliomba daftari, akavaa miwani, akahesabu mwenyewe. Watu 34. Akasema, "Huyu wa 19 anasema haijawahi kuharibika, ana nayo muda gani?" Nikaangalia. Miezi miwili. Tulicheka sana.

Sasa ni zamu yako. Kama una gari ndogo ya juu, au unaendesha ya mtu, tuandikie hapo chini mambo manne: ni gari gani na cc ngapi, unabeba nini, unapita njia gani, na mafuta analipa nani. Ukiandika "ni gari nzuri sana" peke yake, tutakushukuru lakini hujatusaidia.

Mtumie na mwenzako anayetaka kutoa hela ya mzigo akanunue gari wiki hii. Mwambie asome kwanza.